James Harris, "Kamala": Mwanamieleka wa Mississippi Aliyevishwa Uganda

James Arthur Harris alizaliwa tarehe 28 Mei 1950 huko Senatobia, mji mdogo wa jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, akafariki tarehe 9 Agosti 2020 katika jimbo hilohilo. Katikati ya tarehe hizo mashabiki wa mieleka ya kulipwa walimjua kwa jina jingine na kwa asili nyingine: Kamala, jitu la Uganda. Walitangaziwa kwamba ametolewa msituni, kwamba hajui kusema lugha ya watu, kwamba anakula nyama ya binadamu, na kwamba aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin, dikteta wa Uganda. Yote hayo yalikuwa ya kutungwa. Harris alikuwa Mmarekani mweusi, mtoto wa wakulima maskini, dereva wa lori na mtunzi wa nyimbo, aliyekodishiwa nchi ya watu wengine ili apate riziki. Alipolipwa alilipwa kidogo, na alipougua aliachiwa ugonjwa wake mwenyewe.

Habari zake zinaigusa Kanda ya Ziwa ya Tanzania kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Mieleka ya Marekani imetazamwa kwa miaka mingi katika mabanda ya video ya miji ya machimbo kama Katoro na Kakola, na wachimbaji waliotoka zamu wamebishana kwa moto kama kipigo kile ni cha kweli au ni maigizo. Jina la Amin nalo, ambalo Marekani lilikuwa pambo la ulingoni, huku lilikuwa jina la vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka mpaka na kuiteka ardhi yote ya Tanzania iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyotumwa kumwokoa, ilikuja kulipua matangi ya mafuta mjini Mwanza, ikakosa shabaha, na mabomu yakaangukia hifadhi ya Saanane na kuua swala. Geita, ilipo Katoro, wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, ng'ambo tu ya maji. Kampala ilianguka mikononi mwa jeshi la Tanzania tarehe 11 Aprili 1979. Vita vilipokwisha, silaha zilizozagaa ziliingia mikononi mwa wezi wa ng'ombe, na hilo ni moja ya mambo yaliyowafanya wanavijiji wa Kahama na Nzega waanzishe sungusungu, yaani ulinzi wao wa jadi, mapema miaka ya 1980. Ndiyo miaka ileile ambayo, huko Tennessee, wafanyabiashara wawili wa mieleka walikuwa wakitafuta kitu kipya cha kuwatisha watazamaji wao.

Harris alikulia Coldwater, si mbali na Senatobia, katika familia iliyolima shamba la mtu mwingine kwa mkataba wa kugawana mavuno. Mfumo huo ulishika kusini mwa Marekani baada ya utumwa kukomeshwa, na ulijulikana kwa kumwacha mkulima na deni kila msimu ulipofungwa. Baba yake aliuawa kwa risasi katika ugomvi wa mchezo wa dadu, mtoto akiwa na umri wa miaka minne. Ujanani aliingia kwenye wizi wa majumbani hadi polisi wa kwao wakamshauri ahame mji. Akaenda Florida, akachuma matunda na kuendesha malori. Baadaye akapanda kaskazini hadi Michigan, na huko, katika mji wa Benton Harbor, akakutana na Bobo Brazil.

Kukutana huko ndiko kulikoamua maisha yake. Bobo Brazil, ambaye jina lake halisi lilikuwa Houston Harris, ingawa hawakuwa ndugu, alikuwa mmoja wa wanamieleka weusi wa kwanza kupewa nafasi ya juu kwenye ulingo wa Marekani, tangu enzi ambazo weusi na weupe hawakuruhusiwa kupigana katika kumbi nyingi za kusini. Kijana aliyekuwa akimtazama alikuwa na kimo cha zaidi ya mita 1.9 na uzito ambao watangazaji wa baadaye wangeutaja kuwa ratili 380, yaani kilo 172 hivi. Mwalimu wake alikuwa Tiny Tim Hampton, na pambano lake la kwanza la kulipwa lilikuwa mwaka 1978. Alikuwa na miaka 28, umri ambao wengi katika kazi hiyo wanakuwa tayari na magoti mabovu.

Mieleka ya kulipwa ni kazi ya pekee, na pasipo kuifahamu, maisha ya Harris hayaeleweki. Mshindi hupangwa kabla ya pambano. Promota, yaani mwenye kampuni, huamua nani atashinda, nani atachukiwa na nani atarudi wiki ijayo kulipiza kisasi. Hata hivyo kuanguka ni kuanguka: ulingo ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma na kufunikwa tandiko jembamba, na mtu wa kilo 172 anayebwagwa chini mara kadhaa kila usiku, usiku mwingi kwa mwaka, anaumia kweli mgongo, shingo na kichwa. Hadi miaka ya 1980 siri ya kupangwa kwa matokeo ililindwa vikali. Mwanamieleka alitakiwa kuishi uhusika wake hata barabarani na hotelini, na adui wa ulingoni hakuruhusiwa kuonekana akila meza moja na mpinzani wake. Marekani ilikuwa imegawanywa katika maeneo, kila eneo na promota wake, na mwanamieleka alihama eneo hadi eneo kabla watazamaji hawajamchoka. Kila alikohamia, promota mpya alimpa jina jipya akipenda.

Harris alipewa majina hayo kwa wingi. Aliitwa Sugar Bear Harris, Bad News Harris, na Ugly Bear Harris. Majina mawili kati ya hayo yalimfanya dubu. Alikwenda pia Uingereza, ambako alipigana kama Mississippi Mauler. Huko alivunjika kifundo cha mguu, akarudi nyumbani. Alipokuwa bado anajiuguza mwaka 1982 alikwenda Memphis, na hapo ndipo alipokutana na Jerry Lawler na Jerry Jarrett.

Memphis ilikuwa na mieleka yenye nguvu ya ajabu. Kila Jumamosi asubuhi kipindi chake kilirushwa moja kwa moja na televisheni ya mji huo, na kila Jumatatu usiku ukumbi wa Mid-South Coliseum ulipokea maelfu. Lawler alikuwa nyota wa eneo hilo, mshirika wa biashara wa Jarrett, na mchoraji mzuri. Ndiye aliyebuni sura ya uhusika mpya. Alichukua mfano kutoka kwa kazi za Frank Frazetta, Mmarekani aliyekuwa maarufu kwa michoro ya mashujaa wa kubuni, mazimwi na wapiganaji wa misituni. Rangi nyeupe na ya manjano ikapakwa usoni, nyota na mwezi vikachorwa kifuani na tumboni, kiunoni likafungwa kitambaa chenye madoa ya chui, mkononi mkuki na ngao, usoni kinyago kikubwa cha kuingilia ukumbini, miguuni hakuna kitu. Chanzo cha picha nzima ni karatasi ya mchoraji wa Marekani ambaye naye alikuwa akichora nchi zisizokuwapo. Hakuna Mganda aliyeulizwa neno.

Kisha ikahitajika filamu fupi ya kumtambulisha. Ilipigwa shambani kwa Jarrett, Hendersonville, Tennessee. Vichaka vya shamba hilo vilifanywa msitu wa Afrika, na ukungu wa msituni ulitengenezwa kwa barafu kavu inayotoa moshi ikimwagiwa maji. Harris alisimama katika moshi huo akikodoa macho. Watazamaji wakaelezwa kwamba J.J. Dillon, aliyekuwa meneja wake katika hadithi, alimgundua alipokuwa safarini Uganda. Shamba hilo la Tennessee, kwa maelfu ya Wamarekani ambao wasingeweza kuionyesha Kampala kwenye ramani, ndilo lililokuwa Uganda ya kwanza kuiona kwa macho yao.

Inafaa kuangalia kwa makini jinsi Harris alivyoucheza uhusika huo, kwa sababu alikuwa fundi. Aliingia ukumbini akitembea kwa kusitasita, akitazama taa za darini kama mtu asiyewahi kuona taa. Alijipiga tumbo kwa viganja. Alimpiga mpinzani kwa kiganja bapa kilichoshuka kutoka juu, kisha akamwangukia kwa uzito wake wote. Halafu likaja tendo lililomtofautisha na wote. Kwa sheria za mieleka mpinzani hushindwa mabega yake yote mawili yakigusa chini, yaani akilala chali. Kamala alimlaza mtu kifudifudi, akamkalia mgongoni, akasubiri ahesabiwe. Mwamuzi hakuhesabu. Msimamizi wake aliyefunika uso na kuvaa kofia ya wawindaji wa kizungu, aliyeitwa Kim Chee, alipiga kelele na kumwonyesha kwa mikono kwamba amgeuze. Watazamaji walicheka na kutetemeka kwa wakati mmoja. Kutojua kuhesabiwa kukawa silaha yake, kwani kila mtu alielewa kwamba jitu hili likijifunza kumgeuza mtu, hakuna wa kulizuia. Harris hakuruhusiwa kutamka neno lolote kwa miaka mingi, na bado alishika ukumbi wa watu maelfu kwa macho, tumbo na viganja. Huo ni usanii wa hali ya juu, na mara nyingi husahauliwa katika mjadala wa kama uhusika wenyewe ulikuwa wa haki.

Haukuwa wa haki. Picha ya msimamizi mwenye kofia ya kiwindaji akimwongoza mtu mweusi aliye nusu uchi ilikuwa picha ya ukoloni bila kificho, ikiuzwa Marekani miaka 20 baada ya Uganda kupata uhuru wake tarehe 9 Oktoba 1962. Walioitunga hawakuianzisha wao. Lawrence Shreve, mzaliwa wa Windsor nchini Kanada, alikuwa tayari amepata utajiri akiitwa Abdullah the Butcher kutoka Sudan, naye pia akiwa bubu wa kuigiza. Baadaye, mwaka 1990, Tony Atlas, aliyewahi kuwa bingwa na mjenga mwili maarufu, alivikwa manyoya na kupewa mkuki akaitwa Saba Simba. Kwa promota wa enzi hizo mwanamieleka mweusi mwenye mwili mkubwa alikuwa na milango michache, na mmoja wa hiyo uliandikwa Afrika.

Kilichokuwa kipya kwa Kamala ni Amin. Magazeti ya Magharibi yalikuwa yamemjenga Amin kwa miaka minane kama kichekesho na zimwi kwa pamoja, na uvumi wa kula watu ulikuwa umeshaenea. Amin mwenyewe alikuwa mwanamichezo: aliushika ubingwa wa ndondi wa Uganda wa uzito wa juu mwepesi tangu 1951 hadi 1960, akiwa askari wa jeshi la kikoloni. Na kulikuwa na jambo ambalo hata watunzi wa Memphis wasingelibuni. Mapema mwaka 1979 ilitangazwa kwamba Amin angepigana mjini Kampala na Antonio Inoki, mwanamieleka mashuhuri kuliko wote wa Japani, Muhammad Ali akiwa mwamuzi, na pambano likapangwa kufanyika mwezi Juni. Vita vya Kagera ndivyo vilivyolifuta. Jeshi la Tanzania liliingia Kampala miezi miwili kabla ya siku yenyewe.

Watu waliouawa chini ya utawala wa Amin hukadiriwa kuwa kati ya laki moja na laki tano. Waasia waliofukuzwa mwaka 1972 walikuwa makumi ya maelfu. Mwaka huohuo, tarehe 2 Septemba, Mganda halisi alikuwa amewapa walimwengu sababu tofauti kabisa ya kuitazama nchi yake: John Akii-Bua, polisi, mtoto wa familia kubwa ya Lango, alishinda mbio za mita 400 kuruka viunzi katika Olimpiki ya Munich kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia, na ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki. Utawala wa Amin ulipoanguka Akii-Bua alikuwa mkimbizi nchini Kenya. Buganda nayo ilikuwa na mieleka yake ya jadi, ekigwo, yenye kanuni na heshima zake. Hakuna lolote kati ya hayo lililofika Hendersonville. Kilichofika ni jina la dikteta na kitambaa cha chui.

Uhusika huo ulifanikiwa haraka. Baada ya Memphis, Harris alipelekwa maeneo ya Mid-South na Texas, akiwa chini ya meneja Skandor Akbar. Mwaka 1984 akaingia kampuni ya Vince McMahon, WWF, iliyokuwa ikivunja mipaka ya maeneo ya zamani na kuigeuza mieleka kuwa biashara ya taifa zima kupitia televisheni. Huko alipambana na André the Giant, Mfaransa mwenye kimo cha kupita kiasi. Akatoka, akarudi 1986, na hadi mwaka 1987 alizunguka miji mikubwa akipigana na Hulk Hogan, bingwa aliyekuwa sura ya kampuni yote. Mwanamieleka aliyewekwa mbele ya Hogan miaka hiyo alikuwa amefika kileleni mwa kazi. Kumbi zilijaa. Kazi ya Kamala ilikuwa kutisha, kuonekana anakaribia kushinda, kisha kushindwa.

Malipo ni sehemu ya habari hii inayohitaji kusemwa polepole. Mchimbaji wa Mgusu au Nyarugusu anaujua mgao: mawe yakitoka duarani, yaani shimoni, mwenye leseni na mwenye duara hutoa chao, gharama za pampu na matimba hukatwa, kisha waliokuwa chini hugawana viroba vilivyobaki. Mara nyingi mgao huo humpunja mchimbaji, lakini viroba angalau vinahesabiwa mbele ya macho ya wote. Harris alifanya kazi kwa mgao asiouona. Mwanamieleka wa WWF alilipwa sehemu ya mapato ya ukumbi kwa kiwango alichoamua promota, na hundi ilifika baadaye bila hesabu inayoeleweka. Kisheria hakuwa mwajiriwa bali mkandarasi huru, ingawa kampuni ndiyo iliyopanga jina lake, mavazi yake, safari zake na hata ushindi wake. Hoteli na gari la kukodi vilikuwa juu yake. Bima ya afya haikuwepo. Pensheni haikuwepo. Chama cha wafanyakazi hakikuwepo, na hakipo hadi leo.

Tarehe 29 Agosti 1992 Harris alisimama katika uwanja wa Wembley, London, mbele ya watazamaji wapatao 80,000, kupigana na Undertaker, mmoja wa nyota wakubwa wa muongo huo. Kwa idadi ya watu, ndiyo siku kubwa kuliko zote katika kazi yake. Baadaye alisimulia hadharani kwamba kwa usiku huo alilipwa dola 13,000, na kwamba mpinzani wake alipata karibu nusu milioni. Kampuni haikuchapisha hesabu zake, hivyo takwimu hizo ni ushahidi wa mwenyewe. Lakini pengo la aina hiyo linalingana na mfumo ulivyokuwa, na Harris alilirudia dai lake kwa miaka bila kulibadilisha. Miezi mitatu baadaye, tarehe 25 Novemba, walikutana tena jimboni Ohio katika pambano la jeneza, ambapo anayeshindwa hufungiwa sandukuni na misumari kupigwa juu. Harris ndiye aliyefungiwa.

Mwaka 1993 uhusika ukageuzwa. Mhubiri wa kuigiza aliyeitwa Reverend Slick alimtoa Kamala mikononi mwa mabwana zake wakatili, akasema hadharani kwamba Kamala si mnyama bali ni mtu, na akaanza kumfundisha mambo ya wanadamu. Katika filamu moja alipelekwa kwenye jumba la mchezo wa kuangusha vigingi kwa tufe, akafurahi kama mtoto. Wapo waliolipokea badiliko hilo kama hatua ya mbele, na kweli watoto waliacha kumwogopa wakampenda. Ukitazama kwa jicho la pili, igizo hilo lilikuwa na kasoro kubwa kuliko la kwanza. Ili mtu afundishwe utu, ni lazima kwanza ikubaliwe kwamba alikuwa hana. Harris alikuwa amepita miaka 40, baba wa watoto, na alikuwa anaonyeshwa jinsi ya kuwa binadamu. Mwaka huohuo akaondoka kwenye kampuni.

Akarudi kwenye lori. Mwaka 1995 alionekana kidogo katika kampuni pinzani ya WCW, akiwa tena upande wa wakorofi wanaomwinda Hogan, aliyekuwa amehamia huko. Tarehe 1 Aprili 2001 aliitwa Houston kushiriki pambano la pamoja la wahusika wa zamani katika tamasha la WrestleMania, kwa furaha ya wale waliomkumbuka. Aliendelea kupigana katika kumbi ndogo hadi alipokuwa anakaribia miaka 60. Alitunga na kurekodi nyimbo zake mwenyewe; sauti yake, ambayo ulingo ulimkataza kuitumia, ilikuwa nzito na tamu. Nyumbani alitengeneza kwa mikono viti vya mbao na kuviuza, na mashabiki walivinunua.

Kisukari kiligunduliwa mwilini mwake tangu mapema miaka ya 1990. Ugonjwa huu huharibu mishipa midogo ya damu na neva za miguu, kidonda kidogo kinakataa kupona, na asiye na matibabu ya kudumu huishia kukatwa. Maisha ya mwanamieleka yanaukaribisha: chakula cha barabarani usiku wa manane, usingizi wa vipande, kupuuza maumivu kama sehemu ya kazi, na kukosa daktari anayemfuatilia. Novemba 2011 Harris alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Aprili 2012 alikatwa wa kulia. Figo nazo zilishindwa, akategemea mashine ya kusafisha damu. Gharama zilimlemea, na mashabiki wakachangishana fedha kumsaidia. Mwaka 2015 alichapisha kitabu cha maisha yake, Kamala Speaks.

Julai 2016 jina lake lilikuwa miongoni mwa wanamieleka wastaafu walioishtaki WWE, jina jipya la WWF, katika jimbo la Connecticut. Walidai kwamba kampuni ilijua hatari ya kuumia ubongo kwa kupigwa kichwani mara kwa mara na haikuwaambia. Septemba 2018 Jaji Vanessa Bryant aliifuta kesi, akieleza miongoni mwa mambo mengine kwamba madai mengi yalikuwa yameletwa nje ya muda wa kisheria. Kwa watu ambao madhara yao hujitokeza miaka 20 baada ya kipigo, kanuni ya muda ilikuwa ukuta.

Mwanzoni mwa Agosti 2020 alilazwa hospitalini Oxford, Mississippi. Alipimwa akakutwa na virusi vya korona, moyo ukasimama, akafariki akiwa na miaka 70. WWE ilitoa salamu za rambirambi, na wanamieleka wenzake, weusi kwa weupe, walimtaja kama mtu mpole aliyetisha watu kwa kazi tu.

Urithi wake unabishaniwa kutoka pande mbili. Upande mmoja wapo wanaosema Kamala alikuwa aibu: alisaidia kuwaaminisha watoto wa Marekani, Uingereza na kwingine kwamba Mwafrika wa Mashariki ni mla watu asiyevaa viatu, na kwamba Uganda yote ni Amin. Upande wa pili wapo wanaosema ilikuwa burudani, kila mhusika wa mieleka ni kichekesho cha namna fulani, na Harris mwenyewe alijivunia ustadi wake. Malalamiko aliyoyarudia zaidi hadharani yalihusu fedha kuliko rangi za usoni. Hoja zote mbili zina ukweli, lakini zote zinamweka Harris mahali pa mshtakiwa au pa shahidi wa utetezi, na hapo ndipo zinapokosea. Kamala alikuwa bidhaa yenye mchoraji, mpiga filamu, promota na kituo cha televisheni. Mbebaji wake alikuwa mtu aliyekwishakimbia shamba la kugawana mavuno, ambaye jina lake halisi halikumjazia ukumbi hata mara moja. Dhamana ya picha ile iko kwa walioichora na kuiuza, na fidia yake, kama ingekuwepo, ingedaiwa na watu wa namna mbili: Waganda walioigizwa bila kuulizwa, na Harris aliyeigiza.

Usukuma una mfano unaosaidia kupima jambo hili. Katika ngoma za mashindano za Wagika na Wagalu, ambazo simulizi zinazihusisha na waganga wawili, Ngika na Gumha, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja pande mbili za uwanja, na mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi. Hapo pia pana kujigamba, vinyago, nyoka, dawa ya mvuto, na nyimbo za kumchafua mpinzani. Mwanamalundi, aliyekuwa mcheza ngoma kabla ya kuwa gwiji wa simulizi za Usukuma, alitisha watu kwa sifa za miujiza kuliko Kamala alivyowahi kutisha. Tofauti ni kwamba sifa hizo zilitungwa na watu wa kwao, kwa lugha yao, mbele ya majirani waliokuwa na uwezo wa kubisha. Mgika anayemwimba vibaya Mgalu atakutana naye kesho mnadani. Ulingo wa Memphis haukuwa na jirani wa kubisha.

Uganda imeanza kuigiza mieleka yenyewe. Mwaka 2023, huko Mukono, mashariki ya Kampala, Daniel Bumba, anayejulikana kama Bumbash, aliyewahi kutangaza mieleka ya Marekani kwenye televisheni kwa Kiganda, alianzisha kundi la Soft Ground Wrestling. Kwa kuwa hakuwa na fedha za ulingo wa kiwandani, vijana wake, wa kiume na wa kike, walijengewa wa nguzo na kamba juu ya udongo uliolowekwa maji, na wakarukiana ndani ya tope. Video zao zimetazamwa na mamilioni ya watu duniani. Wanacheza wakorofi na wema, wanadanganya mwamuzi, wanajigamba kwa vinywa vyao wenyewe, na majina wanajichagulia. Suala la mkataba, bima na nani anahesabu mapato ya video hizo linawasubiri wao pia, na kumbukumbu za Harris zimeandikwa kwa Kiingereza kinachosomeka vizuri Mukono.